Swali la tisa

Katika kituo cha afya ninakofanya kazi, si mbali na mpaka wa Busia, upande wa Uganda, kuna karatasi moja ambayo nimeijaza mara nyingi mno hata naweza kuisoma umeme ukiwa umekatika. Ni dodoso la PHQ-9, yaani maswali tisa ya kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, lililotafsiriwa kwa Kiswahili na kutolewa nakala juu ya nakala hadi herufi za ukingoni zimeanza kumezwa na weusi wa mashine. Maswali manane ya mwanzo yanahusu usingizi, hamu ya chakula, uchovu na mambo ya aina hiyo. La tisa ndilo linalotufanya tuinue macho kutoka kwenye karatasi: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na mawazo kwamba ingekuwa afadhali ufe, au mawazo ya kujiumiza kwa namna yoyote?

Miaka michache iliyopita nilimsomea swali hilo kijana wa miaka 21, aliyeletwa na mama yake kwa sababu alikuwa ameacha kuongea na chakula hakimpiti kooni. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, na wote wawili wamesoma maneno haya kabla sijayatoa.) Alitazama ukuta, akafikiri kwa muda mrefu kuliko watu wengi, kisha akasema, "Hata kidogo," ambalo ndilo jibu la kwanza kati ya manne yaliyoandikwa. Nikatia alama kwenye sifuri. Siku nne baadaye mama huyo alirudi saa nane za usiku, kijana akiwa amebanwa katikati yake na mwendesha bodaboda ili asianguke, na hadi leo namshukuru Mungu kwamba usiku ule daktari alikuwa zamu na gari la wagonjwa lilikuwa na mafuta.

Alipopata nafuu nilimuuliza kwa nini alinijibu vile. Alishangaa, kwa maana kwake yeye hakuwa amedanganya. "Uliuliza ni mara ngapi nimesumbuliwa na mawazo, Musawo," alisema, akiniita kama watu wa huku wanavyomwita mhudumu wa afya. " Mawazo hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni spika." Sikumwelewa mpaka mama yake aliponieleza kwamba mjomba wake, ambaye kijana humfanyia kazi katika duka la vipuri vya pikipiki, alikuwa amelihamisha duka kutoka uchochoro wa nyuma akalipeleka kando ya steji ya bodaboda, na jirani mpya alikuwa anapiga muziki kwa spika mbili kubwa tangu asubuhi hadi usiku. Kuhusu kujiumiza, kijana alisema hakutaka kuumia. Alitaka kutokuwepo, na hayo ni mambo mawili. Kuhusu kama ingekuwa afadhali afe, alisema hawezi kulinganisha hali anayoijua na hali asiyoijua. Kila jibu lilikuwa sahihi. Swali letu ndilo lililotungwa kwa ajili ya watu wanaosikia hata kisichosemwa.

Kijana yule ana usonji, ambao kwa Kiingereza huitwa autism: tangu kuzaliwa, ubongo wake huyapokea maneno, sauti na watu kwa namna tofauti na wengi wetu. Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo kabla ya mwaka ule. Shuleni aliitwa mjeuri na kuchapwa kwa ujeuri huo, nyumbani aliitwa mpole, kanisani aliombewa. Mimi mwenyewe, muuguzi wa afya ya akili mwenye cheti ukutani, nilikuwa nikidhani usonji ni jambo la mtoto mdogo asiyesema, anayezungusha kifuniko cha sufuria pembeni mwa ua. Mtu mzima anayejua bei ya kila kipuri na kuhesabu chenji kwa Kiswahili, Kisamia na Kiingereza hakuingia katika picha niliyokuwa nayo.

Baada ya hapo nilianza kusoma usiku, kwa simu, nikinunua bando kwa pesa zangu. Utafiti wa kwanza nilioukuta ni ule wa Sarah Cassidy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliowahusu watu wazima 374 waliotambuliwa kuwa na Asperger, kama aina moja ya usonji ilivyokuwa ikiitwa, katika kliniki moja ya Uingereza. Asilimia 66 yao walisema wamewahi kuwa na mawazo ya kujiua, na asilimia 35 walikuwa wamewahi kupanga au kujaribu. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba waliofika kliniki si sawa na wote walioko majumbani. Ndiyo maana niliutilia uzito zaidi utafiti wa Uswidi wa mwaka 2016, ambamo Tatjana Hirvikoski na wenzake walipitia kumbukumbu za taifa za watu zaidi ya 27,000 wenye usonji, wakakuta kwamba hatari yao ya kufa kwa kujiua ilikuwa zaidi ya mara 7 ya ile ya watu wengine. Denmark nako, katika kumbukumbu za zaidi ya watu milioni 6 kati ya mwaka 1995 na 2016, hatari hiyo ilikuwa zaidi ya mara 3. Namba hazilingani, na sidhani zinapaswa kulingana, kwa kuwa nchi ni tofauti na namna ya kuhesabu ni tofauti. Zote lakini zinaelekea upande mmoja.

Kilichonikosesha usingizi si ukubwa wa namba. Ni kwamba huko Uswidi hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale wasio na ulemavu wa akili, yaani wale wanaosema, waliosoma, wanaofanya kazi, ambao kwetu hakuna anayewahesabu kuwa wana tatizo lolote. Na huko Denmark, zaidi ya asilimia 90 ya wenye usonji waliojaribu kujiua au waliofariki kwa kujiua walikuwa na angalau hali nyingine moja ya kiafya pamoja na usonji. Maana yake ni kwamba watu hawa hupita mikononi mwetu. Huja kwa ajili ya sonona, wasiwasi, kukosa usingizi au kifafa, nasi tunaandika kile kilichowaleta na kufunga daftari.

Mwaka 2018 Cassidy na wenzake walichapisha kazi nyingine, katika jarida la Molecular Autism, iliyotafuta ni nini hasa kinachoongeza hatari kwa watu hawa. Kati ya mambo waliyoyakuta, mawili nayaona kila wiki. La kwanza ni kukosa msaada ambao mtu anauhitaji. La pili ni kujificha: kujifunza kwa nguvu namna ya kucheka wenzako wanapocheka, kuiga sauti, kupanga sentensi kichwani kabla ya kuitamka, ili watu wasijue kwamba wewe si kama wao, na kurudi nyumbani jioni umechoka kama mtu aliyebeba mizigo mpakani.

Hapa ndipo nafikiri sisi tunaozungumza Kiswahili tuna jambo letu la kusema, kwa sababu lugha yetu inamsaidia mtu kujificha. Fikiria salamu. Ukiulizwa "Habari za nyumbani?" jibu ni "Nzuri," hata kama umetoka kuzika, unaanza na "Nzuri," kisha ndipo unaongeza, "ila tumefiwa." Kila mtu aliyezaliwa ndani ya adabu hii anajua kwamba habari yenyewe imo katika ile "ila". Mtu mwenye usonji aliyefundishwa kwa kiboko kwamba jibu la "Habari?" ni "Nzuri" amejifunza kanuni, na ataishika hadi mwisho bila "ila" yoyote, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Nilipoyafungua mafaili ya zamani ya kijana yule nilikuta kwamba alikuwa amehudhuria mara tatu kabla ya siku ile ya dodoso, na mara zote tatu mmoja wetu alikuwa ameandika: hana malalamiko. Nakumbuka vizuri namna tunavyoanza mazungumzo pale dirishani. "Habari yako, kijana?"

Na kuna suala la macho. Vitabu vya nje vinasema kwamba kutomtazama mtu machoni ni mojawapo ya dalili. Katika jamii zetu nyingi, binti anayeinamisha macho mbele ya wakubwa husifiwa kuwa amelelewa. Ninamjua mwanamke mmoja, sasa ana watoto wawili, ambaye alisifiwa hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyejiuliza kwa nini alikuwa akijifungia chooni kila sherehe ilipofika kwenye ngoma. Aliolewa kwa ajili ya heshima yake, akalaumiwa baadaye kwa ubaridi wake. Wasichana na wanawake huchelewa kutambuliwa hata huko kwenye kliniki nyingi. Kwetu wanafichwa na sifa zenyewe tunazowapa.

Basi, tufanye nini na dodoso? Mwaka 2021 kundi la Cassidy lilichapisha toleo la dodoso la tabia za kujiua lililorekebishwa kwa kushirikiana na watu wenye usonji wenyewe, baada ya kuona kwamba maswali ya kawaida yalikuwa yakieleweka vingine kabisa na wale walioulizwa. Sina ruhusa wala utaalamu wa kulitafsiri na kuliita kipimo, na karatasi niliyoitengeneza mimi haikupimwa na mtafiti yeyote. Ni njia ya kuanzisha mazungumzo tu, na bado najaza PHQ-9 kama ninavyotakiwa. Lakini kanuni zake hazihitaji maabara. Swali moja liulize jambo moja. Neno "au" liondoke. "Kusumbuliwa" liondoke, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na wazo asisumbuke nalo. Muda utajwe kwa tarehe au tukio, "tangu sikukuu ya Pasaka", si "hivi karibuni". Na badala ya "mambo mabaya", "kukata tamaa ya maisha" na mafumbo mengine tunayoyatumia kwa kuona aibu, liandikwe neno lenyewe.

Kwa hiyo karatasi yangu inasema: Leo, je, unataka kufa? Halafu, kwenye mstari wake wenyewe: Je, umewahi kupanga namna ya kujiua? Kila swali lina majibu matatu, ndiyo, hapana na sijui, na hilo la tatu nililiongeza baada ya kusoma kwamba wengi wenye usonji hupata shida kuitambua na kuitaja hisia iliyo ndani yao wenyewe. Asiyetaka kusema huandika, na asiyetaka kuandika mbele yangu hupewa karatasi akae chini ya mwembe. Wenzangu wawili walipinga vikali mwanzoni. Walisema ukimuuliza mtu waziwazi namna hiyo utampandikiza wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo ni ya zamani na inaeleweka, ila utafiti umeichunguza mara kwa mara bila kukuta kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua kunamsukuma ajiue. Mara nyingi anayeulizwa hupata ahueni ya kutokuwa peke yake na jambo hilo.

Kikwazo kingine hakiko kwenye karatasi. Kanuni ya Adhabu ya Uganda bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kijana yule alikuwa akilijua hilo. Alikuwa amelisikia redioni, na yeye ni mtu anayeshika sheria kuliko wengi wetu. "Ukisema ndiyo, unakiri kosa," aliniambia. Tulikuwa tumekaa mahali ambapo, ukiwa na hati yako, unavuka kwenda Kenya kwa miguu, na huko Mahakama Kuu iliamua tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba yao. Jambo lile lile ambalo upande huu wa geti linaweza kumpeleka mtu polisi, upande ule mahakama imesema ni suala la afya. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, ambayo ilichukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni, na ninaitetea kila ninapopata nafasi, lakini mgonjwa anayeogopa pingu hatanifikia nimwambie yaliyomo ndani yake.

Kuhusu kilichofuata baada ya usiku ule, nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo maandishi ya watafiti yalipotusaidia kwa namna niliyoiona kwa macho. Kuna kitu kinachoitwa mpango wa usalama, ambao Barbara Stanley na Gregory Brown waliubuni huko Marekani: mtu anaandika, akiwa ametulia, dalili zinazomwonyesha kwamba hali inaanza kuharibika, mambo anayoweza kuyafanya mwenyewe, watu na mahali pa kumsahaulisha, watu wa kuwaomba msaada, wahudumu wa kuwafikia, na namna ya kuyafanya mazingira yake yawe salama. Watafiti wa Newcastle na Nottingham waliurekebisha pamoja na watu wenye usonji. Tulipofika kwenye watu na mahali pa kumsahaulisha, nikamsomea kama ulivyo ule wa kawaida, nenda penye watu. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Watu ndio tatizo," alisema.

Tukafuta mstari huo. Akaandika: kupukuchua mahindi. Mama yake alicheka kwa mshangao, kisha akakumbuka kwamba tangu utotoni mwanawe huweza kukaa nyuma ya nyumba na beseni, akizungusha gunzi mkononi, punje zikidondoka kwa sauti ile ile, na kwamba siku za namna hiyo hulala vizuri. Sasa gunia moja la magunzi yasiyopukuchuliwa huachwa kando kwa ajili yake hata msimu ukiwa umekwisha. Dalili ya hatari aliyoiandika ni kuvaa sweta na kuvuta kofia yake hadi kwenye nyusi wakati wa jua kali. Suala gumu lilikuwa namna ya kuomba msaada, kwa kuwa anapozidiwa maneno humtoka kabisa. Ndiyo sababu simu tuliyompa nambari yake ingekuwa haina maana. Yeye mwenyewe akatoa mfukoni nati ya spana namba 14 na kuiweka mezani. Nati hiyo ikiwekwa mbele ya mama yake, bila neno lolote, maana yake ni "usiniache peke yangu usiku huu". Imewekwa mara mbili tangu wakati huo. Dawa zote na sumu za shambani zimefungiwa kwa jirani, na ufunguo hauko nyumbani.

Na mjomba? Nilikwenda kumwona nikiwa nimejiandaa kugombana, nikakuta mtu aliyekuwa akijilaumu. Hakuweza kuzima spika za jirani. Alichoweza ni kumpa mpwa wake kazi ya kuhesabu bidhaa stoo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kabla muziki haujawashwa, na kumruhusu kuondoka saa tano. Haikumgharimu hata shilingi.

Nayataja haya kwa sababu mwaka jana nilihudhuria semina kuhusu kujiua, yenye chai mbili na mikoba ya zawadi, ambamo usonji haukutajwa hata mara moja, na nilipouliza nikaambiwa kwamba hilo ni suala la wataalamu wa watoto. Wataalamu wa watoto wamefanya sehemu yao. Mwaka 2014 Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walichapisha kipimo cha kutambua usonji kwa watoto wa Uganda wa miaka 2 hadi 9, wakichukua Maswali Kumi yaliyokuwa yakitumika kwa ulemavu kwa jumla na kuongeza mengine hadi yakawa 23, ili muulizaji aweze kupita nyumba kwa nyumba Kampala na Wakiso. Watoto waliokuwa na miaka 9 wakati huo sasa ni watu wazima. Wanaingia vituoni kwa mlango ule ule wa dirisha la salamu. Mpaka Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Kampala, imjue mgonjwa wa aina hii kuna njia ndefu, na kwa mtu wa Busia hata kwenda Mbale ni nauli ya kukopa. Hatuwezi kusubiri mpaka kila mmoja apate cheti cha utambuzi ndipo tumuulize kwa lugha inayoeleweka. Swali lililo wazi halimdhuru asiye na usonji. Bibi mmoja mkulima, asiye na usonji hata kidogo, aliniambia kwamba karatasi yangu ndiyo ya kwanza hospitalini iliyomuuliza jambo bila kulizunguka.

Kama unasoma haya ukiwa umefika mahali pabaya, Mental Health Uganda wana nambari ya simu isiyolipiwa, 0800 21 21 21, na mtoto au anayemhofia mtoto anaweza kupiga 116. Kama sauti haitoki, mpe mtu mwingine simu, au mwonyeshe mstari huu.

Karatasi yangu sasa iko kwenye toleo la tano. Matoleo mawili ya mwisho yalisahihishwa na kijana mwenyewe, kwa kalamu nyekundu aliyokuja nayo, alizungushia duara neno "vizuri" kwenye swali la usingizi na kuandika pembeni, kwa herufi za kupangika kama za mashine, "saa ngapi?" Mwezi uliopita alikuja kuchukua dawa. Nilikuwa najaza rejista, sikuinua kichwa, nikamwambia kama ninavyowaambia wote, "Habari za siku nyingi?"

Alisimama kimya mpaka nikamtazama.

"Hiyo ni salamu au ni swali, Musawo?"

Nikafunga rejista, nikamwambia ni swali. Akavuta kiti, akakaa.